Unafundishaje matabibu na manesi kuhudumia VVU kwa wafugaji na Wahadzabe

Kama umepangiwa kuandaa mafunzo ya VVU kwa watoa huduma wa Mbulu, Karatu, Ngorongoro, Simanjiro au Hanang, anza na hili: fungua ile pawapointi uliyorithi kwa aliyekutangulia, tafuta slaidi ya "mila potofu", ifute. Najua inapendwa, inajaza saa nzima na washiriki wanachangamka kweli, kila mtu ana kisa chake cha Mmasai au cha Mbarbaig, lakini mwisho wa siku nesi anarudi zahanati akiwa amejifunza kwamba tatizo ni wale watu. Kesho yake mama aliyetembea toka alfajiri anafika saa saba mchana anaambiwa siku ya kliniki ni Jumanne, rudi Jumanne. Hiyo sio mila ya mtu yeyote, hiyo ni ratiba yetu. Mafunzo yaanzie hapo, kwenye kliniki ilivyo, jamii utaizungumzia baadaye na kwa adabu.

Utasikia pia wakubwa wakisema huku kwetu VVU sio tatizo kubwa, angalia takwimu. Ni kweli utafiti wa taifa wa 2022-2023 ulipata asilimia 4.4 kwa watu wazima, na Njombe ikawa juu kabisa na asilimia 12.7, kaskazini tuko chini ya hapo sana. Ila tafiti zetu haziulizi kabila, na Wahadzabe, wale wawindaji na waokota matunda, ni watu 1,000 na ushee tu, kwa hiyo wastani wa mkoa hauwezi kukuonyesha kinachoendelea kwenye kambi pale bonde la Yaeda au pembeni ya ziwa Eyasi. Na kinachopeleka virusi kule unakijua: mashamba ya vitunguu Mang'ola yanayovuta vibarua toka kila kona, machimbo ya Mererani, minada, vijana wanaoenda kulinda mageti Dar na Zanzibar halafu wanarudi nyumbani. Waambie washiriki hayo kwanza, mtu akielewa ugonjwa unapita barabarani anaacha kuutafuta kwenye shuka la mtu.

Nani aitwe

Usiite mganga mfawidhi peke yake. Mganga mfawidhi akihamishwa (na atahamishwa) mafunzo yameondoka naye kwenye begi. Ita CO (tabibu), nesi wa kliniki ya mama na mtoto, mtu wa maabara, anayeandika daftari, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, WAVIU mshauri (mtu anayeishi na VVU anayeshauri wenzake), na nusu siku muite mlinzi wa getini. Sitanii. Mlinzi ndo mtu wa kwanza kuongea na mgonjwa, na kuna mahali mlinzi anauliza kwa sauti "umefuata zile dawa?" mbele ya foleni nzima ya chanjo, hapo huyo mtu humuoni tena hata umpigie simu mara ngapi.

Kingine, wape kipaumbele wanaolipwa na halmashauri. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake watu wengi waliokuwa wanalipwa na miradi walikaa nyumbani ghafla, na vituo vilivyokuwa vimemtegemea mtu wa mradi kufanya ushauri nasaha na kufuatilia watoro vilibaki vinatazamana. Mtu wa mradi aje, ila asiwe peke yake anayejua kazi.

Kama una uwezo, tafuta kijana wa jamii yenyewe aliyemaliza form four umuweke kama mhudumu wa jamii. Nesi mmoja Mbarbaig atakusaidia kuliko semina tatu. Na hapo hapo mkumbushe kila mtu kwamba huyo anaitwa Mbarbaig au Mdatoga, sio Mang'ati, na yule ni Mhadzabe, sio Mtindiga. Majina hayo mengine waliitwa na wengine na hawayapendi, lakini bado unayakuta yameandikwa kwenye mafaili.

Kabla ya siku ya kwanza, chora mwaka

Chukua karatasi kubwa ya flipchati, chora miezi 12. Walete watu watatu wanne kutoka jamii, mzee, mama, kijana anayechunga, walipe nauli na muda wao kama unavyomlipa mwezeshaji, wakae na watoa huduma wajaze. Mvua inaanza lini, ng'ombe wanahama lini na nani anahama nao, mnada uko wapi tarehe ngapi, sherehe za rika zikija watu wanakusanyika wapi, vitunguu vinavunwa lini. Wahadzabe nao wana mwaka wao, kiangazi kambi zinakusanyika karibu na maji, mvua zikinyesha watu wanatawanyika vikundi vidogo vidogo kufuata matunda na asali.

Halafu chukua kalamu nyekundu, weka juu yake tarehe za kliniki za mgonjwa mmoja wa miezi mitatu mitatu. Hapo kila mtu ataona mwenyewe, utakuta tarehe mbili kati ya nne zimeangukia wakati mtu yuko mbali kabisa na kituo. Ndo huyo tunayemuandika mtoro. Sasa uliza darasa: huyu ni mtoro au sisi ndo tulimpa tarehe ya uongo?

Toka hapo mambo yanakuwa rahisi. Mwongozo unaruhusu mtu aliyetulia kwenye dawa apewe za miezi mitatu hata sita, kwa hiyo fundisha nesi kuuliza swali moja kila mtu anapokuja: "Mkihama mnahama lini, na wewe unaenda au unabaki?" Kama anaenda, mpe za kutosha kabla hajaondoka. Damu ya wingi wa virusi ichukuliwe kabla ya kuhama pia, sio "ukirudi". Tarehe ya kurudi andika kwenye kadi kama kawaida lakini mtajie kwa mdomo kwa namna anayohesabu yeye, mnada wa pili baada ya mvua kuanza, kitu kama hicho.

Na wafundishe kupokea mgeni. Morani anayelinda Dar ana haki ya kuchukua dawa kituo cha hapo alipo akiwa na kadi yake ya CTC1, ile ya kliniki ya VVU anayokaa nayo mgonjwa, sasa kuna vituo vinamzungusha eti lete barua. Huyu wa kwenu mwandikie uhamisho mapema, mwambie namba yake ya CTC aikariri. Wengine wanapiga picha kadi inakaa kwenye simu, sawa, ila muulize kwanza simu hiyo anashika nani mwingine.

Mkalimani: hapa tumia nusu ya muda wako wote

Kiukweli kama una siku tatu, siku moja na nusu iende hapa. Kimasai na Kidatoga manesi wengi waliopangiwa huku hawajui, Kihadza ndo usiseme, kile hakina undugu na lugha yoyote ya jirani. Kwa hiyo kila kitu kizuri ulichofundisha kinapita mdomoni mwa mtu wa tatu, na huyo mtu wa tatu mara nyingi ni nani aliyekuwa karibu: mtoto wa mgonjwa, mfanya usafi, bodaboda aliyemleta. Mtoto wa miaka 12 anamtafsiria mama yake majibu ya VVU! Imetokea na inatokea.

Zoezi liko hivi. Weka mbele nesi, mkalimani, na mzee kutoka kijijini anayeigiza mgonjwa (sio mgonjwa wa kweli, na umemuomba vizuri kabla). Simu inarekodi. Mkalimani wa pili anakaa nje, hasikii kitu. Nesi anaongea kama kawaida yake, mkalimani anatafsiri, wakimaliza unamuita yule wa nje, unampigia rekodi ya sehemu ya lugha ya kienyeji tu, anairudisha Kiswahili mbele ya watu wote.

Nesi alisema: "Mzee, kipimo kinaonyesha virusi havionekani tena, unaendelea na dawa zako kama kawaida."

Inarudi: "Mzee, wamepima, ugonjwa umeisha. Dawa zako hizi hapa."

Watu wanacheka. Waache wacheke kidogo halafu waulize, huyu mzee kesho asubuhi anameza kidonge cha ugonjwa gani? Hakuna aliyedanganya pale. Nesi alisema sahihi, mkalimani alibeba alichosikia. Sentensi yenyewe ndo haikuwa imetengenezwa kwa safari ndefu.

Kwa hiyo kaeni na wakalimani, sentensi kwa sentensi, mtafute maneno yanayofika. Lugha zetu nyingi zimekubali ile ya wadudu kulala: dawa imewalaza, hawajafa, ukiacha dawa wanaamka, na wakiwa wamelala hivyo hawaendi kwa mkeo. Hiyo ya mwisho msiiogope kuisema, WHO ilishasema wazi 2023 kwamba mtu ambaye virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Kwa mwanaume mwenye wake watatu hiyo habari ina nguvu kuliko bango lolote. Andikeni sentensi kumi hivi za msingi, zile za kabla ya kupima, za kutoa majibu, za dawa, za mtoto, zirekodiwe kwenye simu kwa sauti ya mtu mzima anayeheshimika, kila kituo kibaki nazo.

Sheria za mkalimani ziwe chache na kila mtu azijue. Sio ndugu, sio mtoto. Anaapa kutunza siri na anaambiwa wazi kwamba Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inahusu mdomo wake pia. Anakaa pembeni ya mgonjwa, nyuma kidogo, na daktari anamuangalia mgonjwa machoni, anaongea naye yeye, sio "muulize kama anakohoa". Anatafsiri yote, hafupishi, mzee akiongea dakika tano ukaletewa "anasema sawa" unasimama hapo hapo unauliza. Na mgonjwa aulizwe kabla: "Huyu tuliye naye hapa unaona sawa, au tumtafute mwingine?" Kwenye jamii ya watu wachache kila mtu ni shemeji wa mtu. Kuna mgonjwa atamkataa mkalimani mzuri kabisa kwa sababu ya ukoo, asiulizwe sababu.

Mwisho wa mazungumzo, mrudishie mgonjwa. Usimuulize "umeelewa?", hakuna mzee wa Kimasai atakayemwambia binti mwenye koti jeupe kwamba hajaelewa. Muulize "ukifika nyumbani utamweleza vipi mkeo unavyomeza hizi?"

Kuhusu salamu na umri. Nesi binti asianze na maswali ya ngono kwa mzee, hata kama fomu inaanza hivyo. Kwa Wamasai, Supai anajibiwa Ipa, kwa mama ni Takwenya anajibiwa Iko, ulizia mifugo, ulizia mvua, ulizia watoto, dakika mbili tu. Mambo ya ndani mtu anaongea na wa rika lake na jinsia yake, kwa hiyo kama kituo kina CO mwanaume wa umri wa kueleweka mpe wazee, nesi achukue akina mama. Vijana wa miaka 15 na kuendelea wanaruhusiwa kupima bila ridhaa ya mzazi tangu sheria irekebishwe 2019, na marekebisho hayo hayo yakaruhusu kujipima, washiriki wengi bado wanadhani ni 18.

Wake wengi, boma moja

Hapa kuna mtego. Mwongozo unasema mpate wenza wa aliyekutwa na VVU mkawapime. Sasa boma lina wake wanne, kila mmoja na nyumba yake, wewe unaingia na kitabu unamuita wa pili peke yake. Kabla hujatoka getini kila mtu anajua. Njia inayofanya kazi ni kwenda na huduma nyingi kwa boma zima au mnadani: presha, kifua kikuu, chanjo ya watoto, na kupima VVU kwa anayetaka, wote wanapita kwenye hema moja wanakaa muda ule ule. Na kabla ya yote mama aulizwe faragha, akijulikana itakuwaje nyumbani? Kama atapigwa au atafukuzwa, hapo habari ya kutaja wenza inasubiri.

Viongozi wa mila, malaigwanani, waendee mapema na kwa heshima, waeleze huduma inayokuja, lakini majina ya wagonjwa hawapewi hata wakiomba kwa nia njema. Kwa Wahadzabe hakuna mkubwa wa aina hiyo, hawana chifu, na mwenyekiti wa kijiji mara nyingi ni wa kabila jingine, ukipitia kwake tu umefika kwake tu. Kule unaenda kambini, unakaa, unaongea na waliopo.

Mada za kitabibu, haraka haraka

Mwongozo wa taifa upo, usiusome darasani ukurasa kwa ukurasa, watu wanasinzia. Chagua vinavyouma huku.

TLD (ARV tatu ndani ya kidonge kimoja: tenofovir, lamivudine na dolutegravir) ni kidonge kimoja kwa siku, na hakihitaji chakula. Hili lirudie hadi lichoshe, kwa sababu mazoea ya "baada ya chai ya asubuhi" bado yapo, na mtu anayekula anachopata siku hiyo ukimwambia ameze baada ya kula umemfundisha kuruka dozi.

Kifua kikuu: akianza rifampicin, dawa ya TB, anaongezewa dolutegravir 50 mg nyingine masaa 12 baada ya TLD, na inaendelea wiki mbili baada ya kumaliza rifampicin. Anayehama na anayetibiwa yote mawili ndo mgonjwa wa kumfuatilia kwa karibu kuliko wote. Na homa ya kutoka jasho usiku kwa mtu anayekunywa maziwa mabichi usiishie kwenye TB wala VVU, wafikirie brusela pia, ugonjwa wa mifugo unaompata mtu kwa maziwa mabichi.

Mjamzito: vidonge vya madini ya chuma vinazuia dolutegravir isiingie vizuri mwilini. Ama ameze vyote pamoja na chakula, ama TLD imezwe masaa 2 kabla ya chuma au masaa 6 baada yake. Hii nesi wa kliniki ya wajawazito ndo anatakiwa aijue, na mara nyingi ndo hajaambiwa.

Mtoto: wengi wanazaliwa nyumbani. Panga na mama na mkunga wa jadi tangu ujauzito, nevirapine, dawa ya kumkinga mtoto na VVU, itamfikiaje mapema, nani anapiga simu, na tone la damu la kwenye karatasi la kumpima VVU akiwa na wiki 4 hadi 6 linachukuliwa wapi kama boma litakuwa limehama.

Anayekuja amechelewa sana, CD4 (chembe za kinga kwenye damu) chini ya 200, apimwe TB kwa mkojo na kriptokoka (fangasi wa ubongo) kabla hujampa TLD na kumuaga.

Zoezi la chupa

Hili fanyeni siku ya kwanza ili lije kukusanywa kwenye ziara ya baadaye. Kila mshiriki, pamoja na daktari, anapewa chupa tupu ya dawa yenye pipi ndogo 30. Kazi yake ni kumeza moja kila siku saa ile ile, bila mtu yeyote nyumbani kwake kujua ana chupa. Basi.

Utayasikia mengine yote kwao wenyewe. Chupa inalia ukitembea. Watoto wanaisikia kwenye mkoba. Mtu anahamishia kwenye mfuko wa nailoni, anatupa kile kipakiti cha kunyonya unyevu kwa kuwa hajui ni cha nini, vinashikana kwa joto. Safarini kwa ndugu anaruka siku mbili. Na huyo ana kabati lenye kufuli! Sasa jadilini morani analala na wenzake wanane porini, vitu vyote viko kiunoni. Majibu mazuri yanatoka kwa washiriki: pamba juu ya vidonge ili visilie, kipakiti kibaki ndani, chupa ikae kivulini kwenye joto lisilozidi nyuzi 30, dozi za siku chache tu zitembee naye na nyingine zibaki kwa mtu anayemwamini, na muda wa kumeza uwe ule anaokuwa peke yake hata kama ni saa tisa mchana.

Tiba za asili

Mwaka 2011 watu walipanga foleni ya kilomita na kilomita kwenda Samunge, Loliondo, kikombe cha Babu kwa shilingi 500, na wapo walioacha ARV wakiamini wamepona. Waliokwenda hawakuwa wafugaji tu, walikwenda maofisa na mabosi wa mjini pia, kwa hiyo mtoa huduma asijione yeye ndo wa kisayansi. Swali la kufundisha ni hili: "Mbali na zetu, kuna dawa nyingine unatumia? Za mizizi, za maombi?" Liulizwe kwa sauti ile ile unayoulizia kikohozi. Akijibu, unaandika, unaangalia kama inaharisha au inatapisha, unamuomba asiache TLD. Ukimcheka mara moja ataendelea kutumia, ila wewe hutaambiwa tena.

Baada ya hapo

Mafunzo ya kweli yanaanza ukiwafuata kituoni. Ziara ya kwanza ifanyike mapema, usihutubie, kaa pembeni ya nesi wakati anahudumia, chai baadaye. Grupu la WhatsApp la kuulizana kesi lipo kila mahali siku hizi, sawa, ila hakuna jina, hakuna namba ya CTC, hakuna picha ya uso, na kwa jamii ndogo hata "Mhadzabe wa kike miaka 30 wa kambi fulani" tayari umeshamtaja.

Ripoti ya mradi itataka idadi ya waliofunzwa. Wape. Wewe mwenyewe angalia daftari: chukua mafaili ya watu waliohama kiangazi kilichopita, hesabu wangapi walipewa dawa za kutosha kabla ya kuondoka, wangapi wana jibu la wingi wa virusi la mwaka huu, wangapi tuliwaita watoro kumbe walikuwa wanachukua dawa kituo kingine. Ukifanya hivyo kila baada ya mvua utajua kama kuna kilichobadilika.

Na bajeti ikikatwa, itakatwa, toa hoteli, toa mabegi yenye nembo, fundishia chini ya mti wa zahanati. Kisichotolewa ni malipo ya mkalimani na mafuta ya pikipiki.